Pufya Ikiruhusiwa kwa Wote, Je, Mashindano Yatakuwa ya Haki?

Msomaji wetu mmoja wa Kisauni, ambaye huwafunza riadha vijana wa mtaani kwake, ameuliza jambo ambalo nitalifupisha hivi. Vijana wake hukimbia katika joto na unyevunyevu wa pwani, ilhali wenzao wa Iten wamezaliwa na kulelewa kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ambako uhaba wa oksijeni hewani huwaongezea damu bila wao kufanya lolote. Ulaya na Marekani, wenye uwezo hulala katika mahema yanayoiga hewa ya mlimani, kisha huvaa viatu vyenye bamba la kaboni ndani ya soli. Hayo yote ni halali. Lakini mkimbiaji akidungwa sindano ya EPO, homoni inayoongeza damu ile ile, hufungiwa miaka minne. Kwa kuwa kila mwaka tunasikia majina mapya ya walionaswa, anauliza, je, isingekuwa haki zaidi dawa hizi, yaani pufya, ziruhusiwe kwa wote chini ya uangalizi wa daktari, ili kila mmoja aanzie mstari mmoja? Ameongeza kwamba katika kikosi chake yumo msichana mwenye pumu, na hajui kama dawa anayoivuta itamletea balaa.

Mwalimu, la pumu nitalijibu mwisho. Kwa hilo la kwanza jibu langu ni la: dawa zikiruhusiwa kwa wote, usawa unaoutafuta hautapatikana, na atakayeumia kwanza ni kijana wa aina ya hao unaowafunza wewe. Hata hivyo hoja yako si ya kupuuzwa, na mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni; kwa hiyo nianze na yale uliyoyaona sawasawa.

Ni kweli kwamba maumbile hayakugawa kwa usawa. Mfini Eero Mäntyranta, bingwa wa mbio ndefu za kuteleza juu ya theluji, alishinda medali mbili za dhahabu za mtu binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1964 kule Innsbruck, Austria. Miaka mingi baadaye watafiti waliichunguza familia yake na kukuta kwamba yeye na jamaa zake wengi walizaliwa na badiliko katika jeni linalohusika na namna mwili unavyoipokea EPO, na kwa sababu hiyo damu yao ilikuwa na chembe nyekundu nyingi kupita kawaida tangu kuzaliwa. Hakuna aliyempokonya medali zile, wala hakukuwa na sababu ya kumpokonya. Mazingira nayo hayampendelei mtu mmoja siku zote. Sisi wa Mombasa tuliliona hilo tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika kwenye uwanja wetu wa gofu karibu na bahari: Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alishindwa na joto akaacha mbio, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Siku hiyo mwinuko wa alikozaliwa haukumfaa kitu.

Ni kweli pia kwamba mpaka kati ya halali na haramu umechorwa na binadamu, na husogezwa. Kafeini ilikuwa na kikomo chake kwenye mkojo wa mshindani hadi ilipoondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Kabla ya hapo, mtu aliyepitiliza vikombe vya kahawa chungu pale Mji wa Kale kabla ya kushindana alikuwa na sababu ya kujiuliza, ingawa ingembidi anywe vingi mno. Mahema ya hewa ya mlimani yalijadiliwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, mwaka 2006, na uamuzi ukawa kuyaacha. Mavazi ya kuogelea ya poliurethani yaliachiwa hadi mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009, ambako rekodi 43 za dunia zilivunjwa katika mashindano hayo pekee. Kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku. Viatu unavyovitaja navyo viliwekewa masharti mwaka 2020: katika mbio za barabarani soli isizidi unene wa milimita 40, wala isiwe na bamba zaidi ya moja. Utaona kwamba wasimamizi wa michezo hawapigani na dawa tu, bali na kila kitu kinachotishia kuufanya ushindi uwe wa kifaa badala ya mtu, na kwamba mara nyingine wanachelewa na mara nyingine wanakosea mahali pa kuweka kigingi.

Lakini kigingi hakiwekwi kwa kubahatisha. Ili dawa au njia fulani iingizwe kwenye orodha ya marufuku ya WADA, ambayo hutolewa upya kila mwaka na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, inatakiwa itimize angalau masharti mawili kati ya matatu: iwe inaongeza au inaweza kuongeza uwezo wa kushindana, iwe inahatarisha au inaweza kuhatarisha afya ya mchezaji, na iwe inakiuka dhamira ya michezo. Sharti la tatu ni legevu, nami sioni haja ya kulitetea sana, kwa sababu kila mtu anaweza kulivuta upande wake. Haya mawili ya kwanza ndiyo yenye uzito, na ndiyo yanayotenganisha hema na sindano.

EPO ni homoni ambayo figo hutengeneza zenyewe zinapohisi kwamba damu inayozipitia ina oksijeni kidogo. Homoni hiyo huuagiza uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu zaidi, na chembe zikishatosha, figo hupunguza homoni na uzalishaji hushuka. Kijana wa Iten na Mzungu aliyelala hemani wote wamo chini ya utawala huo: damu yao huongezeka polepole, kwa kiasi, na mwili ukiona inatosha hujizuia. Sindano huzinyang'anya figo uamuzi. Anayeamua sasa ni mshika sindano, naye anaweza kuendelea kudunga wakati figo zimekwisha kunyamaza. Damu huwa nzito, moyo huisukuma kwa taabu, na hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka. Fikiria damu ya namna hiyo ndani ya mtu anayekimbia kilomita 21 katika jua la Mombasa, akipoteza maji kwa jasho kila dakika, hivyo damu inazidi kuwa nzito njiani. Mtu hahitaji shahada ya dawa kuona tatizo.

Nami nikiwa mfamasia ninaongeza jambo ambalo huwa halisemwi kwenye mijadala hii. EPO ya viwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, hasa wale ambao figo zao zimeshindwa na wanaishi kwa kusafishwa damu, na inatakiwa ihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia mwilini. Ile inayouzwa kwa siri, iliyosafirishwa ndani ya begi kwenye basi na kukaa mfukoni kwa mtu katika joto letu, huenda haina nguvu tena, au huenda si EPO kabisa. Anayeinunua hana wa kumshitaki.

Sasa unasema: ndiyo maana iwe chini ya daktari, kwa kipimo, na kwa kiwango kinachojulikana. Fikra hii imekwisha kujaribiwa kwa kiasi fulani, na matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1997, wakati ambapo hapakuwa na kipimo cha kuitambua EPO ya viwandani, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kiliweka kikomo: mwanamume ambaye chembe nyekundu zilizidi asilimia 50 ya ujazo wa damu yake hakuruhusiwa kushindana mpaka zishuke. Nia ilikuwa kulinda afya. Kilichotokea ni kwamba kikomo kiligeuka kuwa shabaha. Waendeshaji baiskeli walianza kusafiri na mashine ndogo za kupimia damu, wakijipima hotelini ili wakae karibu kabisa na 50 bila kuivuka, na anayekaribia kupitiliza alitundikiwa maji ya chumvi kabla wapimaji hawajabisha hodi. Bado wengine walivuka. Marco Pantani wa Italia aliondolewa katika mashindano ya Giro d'Italia mwaka 1999, akiwa anaongoza, kwa sababu damu yake ilipimwa ikawa na asilimia 52.

Na hebu tuufanyie hesabu usawa wenyewe. Mchukue mshindani ambaye kwa maumbile yake ana asilimia 40, na mwingine mwenye 48. Mkiwaruhusu wote wawili kufika 50, wa kwanza ameongeza robo nzima ya chembe zake, na wa pili ameongeza kidogo mno. Aliyefaidika si mwenye bidii zaidi, wala mwenye kipaji zaidi, wala maskini zaidi. Ni yule ambaye mwili wake ulikuwa na nafasi kubwa ya kujazwa. Tena miili haiitikii dawa kwa namna moja: dozi ile ile humwinua mmoja sana na mwingine kidogo. Kwa hiyo kuruhusu dawa hakufuti tofauti za maumbile ulizozilalamikia, Mwalimu. Kunaongeza tofauti nyingine juu yake, kati ya miili inayoitikia dawa na isiyoitikia, na kisha ya tatu, kati ya mwenye daktari hodari na asiye naye. Mwendesha baiskeli wa Marekani, Lance Armstrong, hakukosa daktari. Alihudumiwa na daktari wa Kiitaliano, Michele Ferrari, ambaye alikuja kufungiwa maisha, na wapinzani wake wengi nao walikuwa wakitumia dawa; lakini mataji yake saba ya Tour de France yalipofutwa mwaka 2012, UCI haikumpa mtu mwingine hata moja kati ya hayo. Orodha ya washindi imebaki na nafasi tupu kutoka 1999 hadi 2005. Hivyo ndivyo mashindano yanavyokuwa pale ambapo takriban kila anayewania ushindi ana dawa na daktari wake: hujui nani alikuwa bora, na hutajua kamwe.

Kuhusu uangalizi wa madaktari, mfano mkubwa zaidi ni wa Ujerumani Mashariki. Kuanzia mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo iliendesha mpango maalumu wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa, hasa vidonge vya buluu vya Oral-Turinabol, ambavyo ni steroidi zinazofanya kazi kama homoni ya kiume. Maelfu ya wanamichezo walipitia mpango huo. Hapakuwa na uhaba wa madaktari, vipimo vilifanywa, dozi ziliandikwa kwenye mafaili, na mafaili hayo ndiyo yaliyokuja kutumika kama ushahidi. Wengi waliopewa walikuwa wasichana wadogo walioambiwa kwamba ni vitamini. Heidi Krieger, bingwa wa Ulaya wa kurusha tufe mwaka 1986, alipewa kiasi kikubwa tangu ujanani. Baadaye aliishi kama mwanamume kwa jina la Andreas Krieger, na amesema hadharani kwamba dawa zile zilimnyima nafasi ya kujijua mwenyewe. Mwaka 2000, mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa zamani wa michezo, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner. Ninalotaka ulione hapa ni kwamba daktari anayelipwa na timu si daktari wa mchezaji. Ana mgonjwa mmoja mbele yake, na mwajiri mmoja nyuma yake anayedai medali.

Mtu anaweza kusema kwamba ule ulikuwa udikteta, na kwamba leo mchezaji mtu mzima aachwe aamue mwenyewe. Wapo wanaoliamini hilo kiasi cha kuanzisha mashindano yao, Enhanced Games, yaliyopangiwa Las Vegas mwezi Mei 2026, ambako dawa zinaruhusiwa. Kabla yake, mwogeleaji wa Ugiriki, Kristian Gkolomeev, alilipwa dola milioni moja kwa kuogelea mita 50 kwa sekunde 20.89, chini kidogo ya rekodi ya dunia iliyokuwepo, 20.91, huku akiwa ametumia dawa, na tena alivaa vazi la aina ile iliyopigwa marufuku 2010. Sekunde mbili za mia, kwa dawa na vazi pamoja! Sikatai kwamba mtu mzima ana haki juu ya mwili wake. Ila uhuru huo haumwachi jirani yake huru. Katika mbio za mita 1,500, anayetofautiana na mwenzake kwa asilimia moja tu yuko nyuma yake kwa zaidi ya sekunde mbili, na hizo zinatosha kutenganisha medali na nafasi ya kumi. Wawili watatu wakitumia dawa kihalali, wa nne hana hiari tena: ama atumie, ama aache mchezo. Marufuku ndiyo inayompa mtu nafasi ya kusema sitaki na bado akabaki kwenye mashindano.

Hapo ndipo naona msingi wa haki katika jambo hili. Haki ya michezo haikuwahi kuwa na maana ya watu kulingana miili, kwa sababu wangelingana kusingekuwa na sababu ya kukimbia. Maana yake ni kwamba wote wamekubali masharti yale yale kabla ya bunduki kulia, na kwamba masharti hayo hayamlazimishi yeyote kuhatarisha uhai wake ili ahesabiwe. Ukiyaangalia hivyo, hema na kiatu bado vina dhuluma ndani yake, ila ni dhuluma ya fedha, na dawa yake ni kuwasaidia wasio nazo, au kukipigia kiatu kikomo kama walivyofanya. Sindano ni jambo la aina nyingine.

Waliodhulumiwa nao wana majina, na baadhi ni wetu. Katika fainali ya mita 800 ya wanawake kwenye Olimpiki ya London 2012, Pamela Jelimo, aliyekuwa bingwa wa Beijing, alimaliza wa nne. Mrusi aliyeshinda, Mariya Savinova, alikuja kufutwa kwa pufya, na Jelimo akapanda kwenye orodha ya medali miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena jukwaa, wimbo wa taifa wala mdhamini aliyekuwa akimtafuta. Asbel Kiprop alipata dhahabu yake ya mita 1,500 ya mwaka 2008 kwa njia hiyo hiyo, baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupokonywa. Kisha Kiprop mwenyewe akapatikana na EPO katika kipimo cha mwaka 2017 na kufungiwa miaka minne, ingawa alikana. Rita Jeptoo alipofutiwa ushindi wake wa marathoni ya Boston ya mwaka 2014, aliyepandishwa ni Buzunesh Deba wa Ethiopia, ambaye mbio zake zilikuwa zimekwisha kupita bila ya dunia kumtazama. Kila ninaposikia mtu akisema pufya haina mwathiriwa, huwa namfikiria huyo Deba.

Sasa nirudi kwenye upande wa hoja yako ambao sina jibu zuri la kuupinga. Utekelezaji wa sheria hizi haumwangukii kila mtu kwa uzito mmoja. Kanuni kuu ni kwamba mchezaji anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Kujitetea ni juu yake. Mwitaliano Jannik Sinner, aliyekuja kuwa nambari moja wa tenisi duniani mwaka huo huo, alikutwa na clostebol, steroidi iliyokatazwa, mwaka 2024. Maelezo yake, kwamba dawa ilimfikia kupitia mikono ya mtu aliyekuwa akimkanda, ambaye alijipaka dawa ya kidonda, yalikubaliwa na jopo lililomsikiliza. WADA ilikata rufaa, na mwishowe mwaka 2025 wakaafikiana akae nje miezi mitatu. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema kwamba aliweza kupata mawakili na wataalamu mara moja, na wakaionyesha njia iliyopitwa na dawa hiyo. Kijana aliyetoka kijijini, anayepewa barua ya Kiingereza cha kisheria na siku chache za kuijibu, anaweza kuwa na maelezo ya kweli vile vile na asipate wa kuyathibitisha. Haki inayotegemea unene wa mfuko wa mshitakiwa ni haki pungufu, na hapo ndipo ningetaka makocha wapige kelele, badala ya kudai sindano ziachiwe.

Kenya tuna sababu zetu za kujitazama. Mwaka 2016 WADA ilitutangaza kuwa hatufuati kanuni, mpaka sheria ya kupambana na pufya ya mwaka huo ikarekebishwa. Ni sheria hiyo iliyoipa nguvu ADAK, wakala wetu wa taifa. Mwishoni mwa 2022 tulinusurika kufungiwa nchi nzima katika riadha, na serikali ikaahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya vita hivi. Bado jina la Kenya limo miongoni mwa yanayojirudia zaidi kwenye orodha ya kitengo cha uadilifu katika riadha, AIU, kilichoanza kazi 2017. Kwa maoni yangu, tumewaadhibu wakimbiaji kwa bidii na tumewagusa kidogo mno wanaowauzia, wanaowadunga na wanaokula asilimia ya zawadi zao. Mkimbiaji hutoweka miaka minne; mleta dawa huhamia kwa kijana mwingine wiki inayofuata.

Kisa cha Ruth Chepngetich kinafaa kusimuliwa kwa vijana wako kwa sababu dawa yenyewe wanaijua, hata kama jina hawalijui. Mwezi Oktoba 2024 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2:10. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na hydrochlorothiazide, ile HCTZ ambayo wazee wengi hapa Mombasa huimeza kila asubuhi kwa ajili ya shinikizo la damu. Haiongezi mbio. Imepigwa marufuku kwa sababu humfanya mtu akojoe sana, na mkojo uliochujuka unaweza kuficha dawa nyingine. Maabara huwa hairipoti kiasi kilicho chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikadiriwa kuwa 3,800. Alieleza kwamba alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani alipokuwa mgonjwa, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Rekodi yake ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa ilitangulia kipimo hicho. Mtu aamini au asiamini maelezo hayo, somo la kivitendo ni moja: katika nyumba ya mwanariadha, dawa ya mtu mwingine haiguswi.

Kwa vijana wa Pwani kuna mengine mawili ambayo makocha huyasahau. La kwanza ni miraa na muguka. Mjadala wa muguka tuliousikia Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipoipiga marufuku na jambo likafika mahakamani, ulihusu afya ya vijana na kodi. Kwa mwanariadha kuna zaidi, kwani mmea huo una cathinone na cathine, na zote mbili zimo kwenye orodha ya vichangamshi vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Cathine ina kikomo, mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, lakini asijidanganye mtu kwamba anaweza kuhesabu majani shavuni mwake akajua atapimwa na ngapi. La pili ni sindano ya goti. Kijana akiumia huenda zahanati, hudungwa, maumivu huisha, na hakuna anayeuliza alidungwa nini. Mara nyingi ni dawa ya kutuliza uvimbe ya jamii ya triamcinolone, na tangu Januari 2022 kila sindano ya jamii hiyo imekatazwa wakati wa mashindano, popote itakapochomwa, huku dawa ikiweza kukaa mwilini majuma kadhaa. Mwambieni mhudumu kabla hajaivuta dawa kwenye bomba kwamba huyu ni mkimbiaji, na jina la dawa liandikwe.

Nimefika kwa msichana wako mwenye pumu. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa bila kibali, mradi asizidishe mikrogramu 600 katika kipindi chochote cha saa nane, wala 1,600 katika saa ishirini na nne. Pampu nyingi zinazouzwa kwetu hutoa mikrogramu 100 kila inapobonywa, maana yake ni mibonyezo sita kwa saa nane, na hata mgonjwa anayehitaji yote sita anafaa kumwona daktari kwa sababu pumu yake haijadhibitiwa. Dawa za kuvuta za kuzuia pumu, kama beclomethasone na budesonide, nazo hazina shida. Shida iko kwenye vidonge na sharubati ya salbutamol, ambavyo ni rahisi na vinapatikana kila duka la dawa: hivyo vimekatazwa wakati wote, mashindanoni na nje yake. Vidonge vya prednisolone, ambavyo mgonjwa hupewa pumu ikimbana, vimekatazwa wakati wa mashindano. Akihitaji kimojawapo kwa matibabu ya kweli, daktari wake ajaze fomu ya kuomba kibali cha matumizi ya matibabu na kuiwasilisha ADAK angalau siku 30 kabla ya mashindano, ikiambatana na matokeo ya vipimo vya mapafu yake. Na akizidiwa usiku, apelekwe hospitali, atibiwe kwa chochote kinachohitajika, na karatasi zote zihifadhiwe, kwa sababu kanuni zinaruhusu kibali kuombwa baada ya matibabu ya dharura.